Jioni Ambayo Wachumba Hawakuja

Kituoni walimwita Mshenga, na jina lilimkaa kama gauni alilopimiwa. Kazi yake ilikuwa kuozesha. Si kuozesha watu. Watu wana mashangazi zao wa kuwahangaikia. Yeye aliozesha nondo, wale vipepeo wa usiku wenye rangi ya jani kavu, ambao ukimwona mmoja ametua ukutani huwezi kumdhania ubaya wowote. Ubaya uko kwa watoto wake. Mama hutaga kwenye mnyanya, yai moja hapa, jingine pale, na funza anayetoka humo huitoboa nyanya, akaingia, akaifanya nyumba, meza na choo kwa pamoja. Mkulima anaiona nyanya imeiva vizuri upande wa mbele, anaigeuza, anakuta tundu. Baada ya hapo humwaga dawa kila anapokumbuka, inahitajika au haihitajiki.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo refu la matofali lenye paa la bati, mwisho wa mji, pale nyumba zinapoanza kuachana na mashamba kusogeleana. Ukiingia tu unapokewa na harufu ya maharage. Hilo ni jiko la Mpishi, mwanamume mrefu mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani, ambaye kazi yake ni kuwapikia funza uji mzito wa maharage na hamira, kuumimina kwenye trei mpaka ugande, kisha kuukata vipande kama sabuni. Kila funza alipewa kikombe chake na kipande chake, peke yake, maana ukiwaweka wawili pamoja, kesho utamkuta mmoja, tena mnene.

"Mshenga," Mpishi alikuwa akimwambia kila asubuhi, "wakwe zako wamemaliza uji. Wamelelewa vipi hawa, hawashibi?"

"Si umewalea wewe? Ningewalea mimi wangekuwa na adabu."

Ukipita jiko, ukipita chumba cha vikombe, mwisho wa ujia kulikuwa na mlango wenye mapazia mawili meusi. Huko ndiko kwake. Ndani ya chumba hicho siku ilikuwa imepinduliwa. Taa ziliwaka usiku kucha na kuzimika zenyewe asubuhi, ili nondo, ambao mambo yao yote ni ya gizani, wawe na usiku wao wakati wafanyakazi wapo kazini. Ilibaki taa moja nyekundu, hafifu, ambayo nondo hawaioni na binadamu anaona nayo kwa taabu. Mshenga alimaliza chai yake ya asubuhi akaingia usiku. Alipotoka, jua lilikuwa linamchoma macho. "Kwangu mimi kunakucha jioni," alipenda kusema.

Hakuanzia hapo. Alikuja kituoni kupiga deki, mwaka ambao kitinda mimba wake alianza shule na nyumba ikawa kimya mpaka ikamtia woga. Siku moja aliyekuwa akiwatazama nondo aliugua, wakahitaji mtu wa kukaa gizani atazame chupa, aseme nani ameshikana na nani. Vijana wawili walijaribu, wote wakasinzia. Yeye hakusinzia. Mtu aliyekesha na watoto wanne wenye surua hababaishwi na kukaa kimya akitazama kitu kidogo. Alikaa siku hiyo, akakaa siku ya pili, na ufagio hawakumrudishia tena.

Na alichokiona humo kilimnasa. Binti nondo, yaani yule ambaye hajakutana na dume, giza likiingia hutulia mahali pamoja. Hazururi. Anajishikiza kwenye wavu, anainua ncha ya tumbo, anasukuma nje kitu mfano wa ulimi mdogo, na mabawa yanatetemeka taratibu. Anaita. Haiti kwa sauti, anaita kwa harufu, ambayo pua ya mtu haiipati hata umsogelee vipi, lakini dume aliyeko ng'ambo ya shamba humfikia na kumgeuza njia. Dume akija, wakashikana, wakaachana, usiku unaofuata utadhani binti amebadilishwa na mwingine. Ule ulimi hautoki tena. Dume mwingine akijipendekeza anapigwa bawa na kuachwa hapo. Na yeye aliyekuwa ametulia sasa hatulii: anazunguka, anapapasa ukuta kwa miguu, anapapasa wavu kwa mkia, anatafuta jani, na mayai yaliyokuwa yakikomaa polepole tumboni yanakuja kwa haraka, kwa mamia.

Aliyemweleza sababu ni Daktari, mkuu wa kitengo, mwanamke wa umri wa binti yake wa kwanza, mvaa raba, msahaulifu wa chai. Vikombe vyake vilikuwa vikiokotwa kila dirisha. Alimwambia kwamba dume hampi jike mbegu peke yake. Anampa pia, ndani ya kifuko kimoja na mbegu, utomvu wenye ujumbe. Ujumbe huo huingia kwenye damu, na mwili wa jike ukishaupokea hufunga duka la harufu na kufungua duka la mayai.

"Siyo kwamba amekata shauri, mama," Daktari alisema. "Mwili umebonyezwa swichi. Na wengine, siku zikipita, ujumbe unaisha nguvu, wanaanza kuita upya."

"Mimi swichi yangu ilibonyezwa zamani. Nilikuwa najipaka manukato, siku hizi nanuka maharage."

Daktari alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akasema, "Lakini wageni wakija usiwaambie ni kama sisi. Sisi tunaulizwa kwanza."

"Tunaulizwa, ndiyo. Ila wengine tuliulizwa tukiwa tumeshavalishwa shela."

Sasa, harufu ile ambayo pua ya mtu haiipati ilikuwa ikimfuata mpaka nyumbani. Ilijificha kwenye kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa akifika, anakivua na kukitundika kwenye kamba ya kibarazani, kisha yeye na mumewe wanakula chakula cha jioni hapo hapo nje. Mume alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe ilikaa kibarazani kama mtu wa tatu wa nyumba. Msimu wa nyanya, jua likishazama, walianza kuja: madume kutoka mashambani, wawili, watatu, mara nyingine kundi zima, wakikizunguka kitambaa kama walevi, wakitua, wakikipapasa huku na huku wasimwone waliyemfuata.

"Wachumba wako wamefika," fundi humwambia. "Niwakaribishe, au nijifanye sijaona?"

"Waambie nina mume."

"Niliwaambia jana. Wanasema wako tayari kuzungumza na mimi."

"Waambie basi wakupe na suruali za kushona. Utawaona wanavyotawanyika."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kila jioni, na hawakuyachoka.

Mwaka huo kituo kilikuwa na shughuli na wakulima wa nyanya wa bonde la jirani. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Unatengeneza kizimba kidogo cha wavu, unaweka ndani mabinti nondo wachache, unakitundika katikati ya shamba juu ya beseni la maji ya sabuni. Madume wanakuja kwa harufu, wanazama. Asubuhi mkulima anatazama beseni. Likiwa tupu, atulie, asimwage dawa bure. Madume wakianza kujaa, ajue majike nao wameshafika, apite akikagua majani kutafuta mayai. Wakulima walikubali shingo upande. Mwenyekiti wao, bwana mfupi mnene asiyevua kofia hata kwenye kiti, alisema watajaribu msimu mmoja, na wakiona upuuzi wanarudi kwenye mabomba yao ya dawa.

Yote yalitegemea jambo moja: mabinti wawe mabinti kweli. Jike aliyekwisha kukutana na dume haiti, na kizimba chake ni pambo tu. Kwa hiyo madume na majike walitengwa kabla hata hawajawa nondo. Funza akishakua hujifungia ndani ya ganda la kahawia lenye umbo la kokwa ya tende. Hapo huitwa pupa. Mshenga aliwachambua wakiwa hivyo, mmoja mmoja, akiwageuza kidoleni chini ya taa ya meza. Pupa wa kiume ana vinundu viwili karibu na ncha ya tumbo, vimekaa sambamba kama vifungo viwili vya kola. Wa kike hana vifungo, ana mfereji tu. Mwenye vifungo trei hii, asiye na vifungo trei ile. Mikono yake ilikuwa ikifanya hivyo huku mdomo ukitaniana na Mpishi ng'ambo ya ukuta.

Na hapa lazima isemwe habari ya sindano. Tangu macho ya fundi yaanze kumchezea, mkewe ndiye aliyemtilia uzi kwenye sindano. Fundi alikwisha kununua miwani, akaifunga kamba ya viatu ili isimpotee, lakini sindano aliendelea kumpa mkewe. Alikuwa akiinyoosha bila kutazama, naye anaipokea bila kutazama, anatia uzi, anairudisha. Mwaka huo, siku moja, alimwambia, "Si una miwani? Uliinunulia nini?" Fundi akatia uzi mwenyewe, akanyamaza. Siku ya pili hivyo hivyo. Tangu hapo hakumpa tena.

Maana mezani kule kituoni vile vifungo viwili vilikuwa vimeanza kufanya mzaha. Mara vinakuwa kimoja, mara vinakuwa ukungu. Mshenga alisema balbu imechoka. Mpishi akapanda kiti akaibadilisha. Alisema vumbi, akafuta meza. Asubuhi moja alisema pupa wa safari hii ni wadogo. Kwa Daktari hakusema kitu, kwa sababu aliyechambua kabla yake alikuwa mzee mmoja mcheshi ajabu, macho yake yalipochoka wakamhamishia getini kufungulia magari. Mshenga alikuwa akimpita kila asubuhi. Mzee yule hakuwahi kulalamika, ila utani wake ulibaki huku ndani. Getini alikuwa akisema "Karibu" na "Haya" tu, mpaka siku aliyostaafu. Mshenga aliwaza lile geti, akamshika pupa karibu zaidi na pua, akaendelea.

Wiki ya kupeleka vizimba ilipofika, jioni moja wachumba hawakuja.

"Upepo," alisema fundi.

Jioni iliyofuata hapakuwa na upepo, na hawakuja. "Mwezi unang'aa mno," alisema Mshenga. "Hawapendi mwanga."

Jioni ya tatu mawingu yalikuwa yameufunika mwezi na hewa imetulia kama ya chumbani. Kitambaa kilining'inia kwenye kamba peke yake.

"Hatimaye wamepata habari kwamba una mume," fundi alisema.

Mkewe hakucheka. "Labda hawajafika mashambani mwaka huu. Labda msimu umechelewa."

Fundi aliweka chini shati alilokuwa akilishona mkono. Akaingia ndani, akasikika akipekua kapu la nguo chafu, akarudi na kitambaa kingine, kile alichokivaa mkewe wiki iliyopita, ambacho kilikuwa hakijafuliwa. Akakitundika kwenye kamba, mbali kidogo na mwenzake.

"Kama hawapo mashambani," alisema, akikaa, "basi na hiki hawatakijia."

Walikaa. Sahani zilikuwa bado mezani, hakuna aliyeziondoa. Haukupita muda akaja mmoja, akipiga zigizaga, akapita kwenye kitambaa kipya kama anapita nguzo, akatua kwenye cha zamani. Akaja wa pili. Wakaja wengine wakifuatana, wote kule kwa kitambaa kichafu cha wiki iliyopita, wakipapasa, wakigongana. Cha leo hakuna aliyekigusa.

"Kichwa ni kile kile," fundi alisema polepole. "Mwenye kitambaa ni yule yule."

"Chumba ndicho si kile kile," alisema Mshenga. "Hawaiti tena. Nimewaingizia madume."

Akamweleza yote, balbu, vumbi, vifungo vilivyogeuka ukungu. Fundi alisikiliza akiwa ameshika miwani yake kwa ile kamba, akiizungusha.

"Nilijua tangu siku ya sindano," alisema.

"Ukaninyamazia?"

"Nilikuwa nangoja unikaribishe. Mtu habishi hodi kwenye jicho la mwenzake."

Hilo lilimfanya atabasamu kidogo, lakini halikukaa. "Vizimba vinachukuliwa kesho asubuhi. Nikinyamaza, nani atajua? Mabeseni yatakuwa matupu, watasema nondo hawajafika bondeni. Hakuna atakayekuja kunitazama machoni."

"Na beseni tupu linamwambia mkulima nini?"

Beseni tupu linamwambia mkulima atulie. Beseni tupu linamwambia asikague majani. Na madume hawa hapa, mbele ya macho yao, wanagombania kitambaa kichafu. Wapo, wamejaa, na wake zao wako bondeni wanatafuta jani la kutagia.

"Naona bora nikafungulie magari getini," alisema mwishowe, akaanza kukusanya sahani.

Asubuhi alifika kabla ya Mpishi kuwasha jiko. Alipita mapazia mawili, akasimama katikati ya chumba mpaka macho yakazoea wekundu. Kwa siku kadhaa alikuwa akiingia humo akiwa na vizimba vya wakulima akilini, akijaza maji ya sukari, akibadilisha pamba, akitoka. Hakuwa amekaa kutazama. Sasa alikaa. Hakuna aliyekuwa ametulia mahali pamoja. Walikuwa wanatembea. Wanapapasa kuta, wanapapasa wavu, wanainama na kubonyeza mkia, na kila walipobonyeza palibaki kitone cheupe. Wavu wote ulikuwa umenyunyiziwa mayai kana kwamba mtu amepitisha ungo wa unga. Kwenye taa nyekundu madume na majike wana rangi moja, ndiyo maana hakuwa amewatambua. Lakini alipompeleka mmoja asiyetaga nje ya pazia, kwenye mwanga wa ujia, mabawa yake yalikuwa na ukijani wa dume. Akamtoa mwingine. Dume. Wa tatu, dume.

Alimkuta Daktari anafungua ofisi, kikombe mkononi.

"Daktari, vizimba visiende. Majike wameshakutana na madume. Ni mimi niliyekosea kuchambua, macho yangu hayaoni karibu, na nimelijua hilo kitambo, nikawa naisingizia balbu."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemwaga beseni.

Waliongozana chumbani, Daktari akatazama mwenyewe, akaokota majike wawili waliokufa kwenye sakafu ya kizimba, wakaenda kwenye meza ya hadubini. Alimpasua wa kwanza kwa ncha ya sindano. "Kifuko," alisema. Akampasua wa pili. "Viwili." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwanzo."

"Na hukuniambia."

"Ningeenda getini."

"Nani kasema mtu anaenda getini?"

"Hajasema mtu. Nilimwona aliyeenda."

Daktari naye alimkumbuka yule mzee. Ni yeye aliyesaini uhamisho wake, mwaka wake wa kwanza kazini, akidhani anampumzisha. Akasogea pembeni ya hadubini. "Haya, tazama mwenyewe kilichomo."

Mshenga aliinama. Aliona wingu. Bila kufikiri mkono wake ulikwenda pembeni, ukakigeuza kile kigurudumu kidogo, kwanza mbele, kisha nyuma. Wingu likajikusanya, likawa tumbo la nondo limefunguliwa kama mkoba, mayai yamepangwa kama shanga kwenye uzi, na katikati yao kifuko, chembamba shingoni, kinene chini, kinang'aa. Hakuwa ameona kitu waziwazi namna ile kwa miezi.

"Nakiona," alisema. "Naona hata mkunjo wake."

Daktari alikuwa akiutazama ule mkono uliogeuza kigurudumu. "Mama," alisema, "macho yako hayajafa. Yanadai kioo tu. Umeniumiza kichwa mwezi mzima kwa ajili ya kioo?"

"Kichwa kimekuuma leo tu, mwanangu. Mwezi mzima kilikuwa kinaniuma mimi."

Kabla hawajamaliza, pikapu iliingia uani. Mwenyekiti alishuka na kofia yake, na wakulima wanne nyuma, wamekuja na kamba za kutundikia vizimba. Daktari alijifuta mikono. "Nitawaeleza."

"Acha niseme mimi," alisema Mshenga. "Nimeshaanza, nikinyamaza nitaogopa upya."

Aliwaambia wakiwa wamesimama uani, karibu na kizimba kimoja kitupu. Hakuzungusha. Mwenyekiti alikunja uso mpaka kofia ikashuka.

"Kwa hiyo nimetoka nyumbani na watu wanne na gari kuja kuambiwa hakuna mzigo?"

"Mzigo upo. Umeharibika. Ningekupa, ungeutundika, na ungekudanganya."

"Ungenidanganyaje?"

"Njoo uone." Akawapitisha wawiliwawili ndani ya mapazia, wakinong'ona kama wako msibani. Kwenye trei ya mwisho, ambayo Daktari aliipitia upya haraka kwa lenzi ya mkononi wakulima wakingoja, walikuwepo majike wachache waliotoka kwenye maganda usiku na hawajaonana na dume. Akawaweka kwenye chupa moja; kwenye chupa ya pili akaweka majike wa kile chumba kilichoharibika; katika kila chupa akasimamisha jani la mnyanya. Wakakaa kimya kwenye wekundu ule. Ilichukua muda, na mkulima mmoja akaanza kupiga miayo. Kisha kwenye chupa ya kwanza mmoja alitulia, akainua mkia, mabawa yakatetemeka. Kwenye chupa ya pili walikuwa wameshalivaa jani: wanapapasa, wanabonyeza, wanasogea, wanabonyeza.

"Huyu wa kwanza anaita wanaume," alisema Mshenga. "Hawa wa pili hawamwiti mtu. Wameshapata walichotaka. Kazi yao sasa ni nyanya zako."

Mwenyekiti alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye chupa. "Anataga hivi hivi? Mbele ya watu?"

"Kwako anataga ukiwa umelala."

"Na nondo wako hawa wangekaa kimya kwenye kizimba, beseni tupu, mimi nimelala nafurahi."

"Ndiyo."

Mwenyekiti alisukuma kofia yake nyuma. "Afadhali umenikera leo," alisema. "Ulitaka nikerwe na nyanya zenyewe? Lini utakuwa na wazima?"

"Wiki ijayo," alijibu Daktari. "Na tangu leo kagueni majani, msingoje kizimba. Madume wapo, mama amewaona kwake."

"Kwake? Analima nyanya?"

"Ananing'iniza vitambaa," alisema Mpishi kutoka mlangoni, kijiko cha uji mkononi.

Wakulima waliondoka na kamba zao, mmoja akinung'unika juu ya mafuta ya gari, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Nondo wa kile chumba walitiwa kwenye friji ya baridi kali wafe, chumba kikaoshwa, wavu ukachemshwa. Hata yai moja halikuachwa. Ilimuuma Mshenga, maana alikuwa amewalea.

Alingoja siku nzima kuitwa ofisini aambiwe habari ya geti. Jioni Daktari alimjia mwenyewe kwenye meza ya kuchambulia, amebeba lenzi kubwa ya kusimama yenye mguu wa chuma, iliyokuwa ikishika vumbi stoo. Aliifunga kwenye ukingo wa meza kwa skrubu.

"Kesho asubuhi unaenda kwa mpima macho kabla ya kuja kazini. Na kuanzia sasa kila trei inapita kwa watu wawili. Wewe, halafu mwingine. Hata ungekuwa na macho ya mwewe. Hilo kosa ni langu. Chumba kizima hakikupaswa kutegemea jicho la mtu mmoja."

"Na mwingine ni nani?"

Mpishi alitokeza kichwa. "Msinitazame mimi. Mimi ni mtu wa jikoni."

"Una macho mazuri," alisema Daktari. "Unaona punje ya mchanga kwenye sufuria ya maharage."

Basi ikawa Mpishi anafika mezani baada ya uji, anavua aproni kwa heshima, anaketi, anageuza pupa chini ya lenzi. Siku za kwanza alikuwa akiita kila anapoona kitu. "Mshenga, huyu ana vifungo." "Na ndiyo maana yuko trei ya wenye vifungo, baba. Endelea." Siku ya tatu alimpata mmoja kweli, dume ndani ya trei ya majike, akambeba juu ya kiganja jengo zima kama aliyeokota johari. Mshenga alimtazama kwa miwani yake mipya, akakubali. Vifungo viwili, sambamba, kila kimoja mahali pake.

Vizimba viliondoka wiki iliyofuata, kama ilivyoahidiwa. Vichache kuliko ilivyopangwa, lakini vizima.

Jioni hiyo alifika nyumbani, akavua kitambaa, akakitundika. Wakala. Fundi alivuta shati la mtu, akakata uzi kwa meno, kisha bila kugeuza kichwa akanyoosha mkono wenye sindano. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mkewe aliisogeza miwani juu ya pua, akaipokea, akatia uzi kwa mara moja, akairudisha.

"Umeliona tundu?"

"Nimeona na kutu. Badilisha sindano, utaharibu nguo za watu."

Jua lilikuwa limeshazama. Kwenye kamba kitambaa kilitikisika kidogo, na hapakuwa na upepo. Fundi alikitupia jicho, akarudi kwenye shati lake.

"Mama watoto," alisema, "una wageni."

"Wangapi?"

"Tumia hiyo miwani yako uwahesabu. Mimi nashona."